Kona ya Sataranji: Nile, au nimwache?

Zaidi ya nusu ya barua za safari hii zinauliza jambo lile lile. Kete zimepungua ubaoni, mchezo umefika ngwe ya mwisho, mpinzani analeta kete yake mbele ya kete yangu: nile, au nimwache? Nimechagua barua tano.

Kwa waliojiunga nasi karibuni, askari ni zile kete ndogo nane zinazotangulia. Miraba ninaitaja kwa herufi a hadi h, kuanzia kushoto kwa mwenye kete nyeupe, na namba 1 hadi 8, kuanzia upande wake. Kama una ubao karibu, upange. Barua ya kwanza haitakuingia vizuri bila kuona kete kwa macho.

*Mwalimu, shikamoo. Nilikuwa na nyeupe. Mfalme wangu f4, askofu d3, askari mmoja g4. Mwenzangu alikuwa na mfalme g7 na askari mmoja tu, h6. Nilishajihesabia ushindi. Akasogeza askari wake h5, nami nikamla kwa askari wangu. Tangu hapo tulicheza mpaka tukachoka, mfalme wake kang'ang'ania kona, hatoki. Nilikosea wapi, na mimi nilikuwa na askofu mzima zaidi yake?*

Marahaba. Ulikosea palepale ulipokula, na wala usijilaumu sana, maana karibu kila mchezaji ninayemfahamu amewahi kula askari wa namna hiyo. Mkono unakwenda wenyewe.

Tazama kilichobaki baada ya kula. Una mfalme, askofu na askari wa safu ya h. Askari huyo anakwenda kugeuka malkia h8, kama askari yeyote anayefika mstari wa mwisho, na mraba wa h8 ni mweusi. Askofu wako anatembea kwenye miraba myeupe, kwa hiyo hata ukicheza mwaka mzima hatamgusa mfalme aliyekaa h8. Mfalme huyo anacheza h8, g7, h8, g7. Ukimbana hadi akose pa kwenda bila kushambuliwa, hiyo nayo ni sare. Askofu wako ni mzima, lakini pale alipohitajika hafiki.

Sasa rudi nyuma hatua moja. Askari wake yuko h5, wako g4, zamu ni yako. Ukifanya jambo jingine ukamwachia, atakula g4, utamla kwa mfalme, na utabaki na askofu bila askari. Askofu peke yake hawezi kumfunga mfalme, yaani kumshambulia akose pa kukimbilia, na hapo ndipo mchezo unaposhindwa. Kula ni sare, kumwacha ale ni sare. Iliyobaki ni njia ya tatu, ambayo wengi hawaioni kwa sababu wanafikiri maswali ni mawili tu: sogeza askari wako g5, umpite.

Akija h4, mfalme wako anakwenda g4. Akiendelea h3, mfalme anamla. Akibaki h5 na kuzungusha mfalme, askofu wako anakuja e2 kumshambulia yule askari, na h5 ni mraba mweupe, anaufikia. Mwisho wake unabaki na askofu na askari wa safu ya g. Askari wa safu ya g hana shida na rangi ya kona. Askofu yeyote anamsaidia kufika. Umeshinda.

Ninakaa sana kwenye barua hii kwa sababu ndani yake mna kila kitu nitakachosema leo. Katika ngwe ya mwisho askari ndiye anayebeba ushindi. Kete kubwa, yaani malkia, ngome, askofu na farasi, ukizihesabu kwa thamani zinadanganya. Askofu peke yake hafungi mfalme. Farasi peke yake hafungi. Farasi wawili pamoja hawawezi kumlazimisha mfalme aliyebaki mwenyewe afungwe, isipokuwa akosee. Ngome dhidi ya askofu, bila askari yeyote ubaoni, kwa kawaida ni sare, na ngome dhidi ya farasi vilevile. Ndiyo maana walimu husema aliye mbele apunguze kete kubwa na awatunze askari wake. Wewe ulifanya kinyume. Ulikuwa na askari mmoja mwenye thamani ya mchezo mzima, ukambadilisha na askari wa safu isiyofaa.

Iandike mahali hii: kwa mwenye nyeupe, askari wa safu ya h anamtaka askofu wa miraba myeusi, na askari wa safu ya a anamtaka askofu wa miraba myeupe. Kwa mwenye nyeusi ni kinyume chake.

Na usidhani ni kosa la wanaoanza. Mwaka 1971, mjini Vancouver, Mark Taimanov wa Umoja wa Kisovieti alikutana na Bobby Fischer wa Marekani katika mechi ya kumtafuta atakayemkabili bingwa wa dunia. Mchezo wa pili ulikwenda zaidi ya hatua 80. Fischer alibaki na askofu wa miraba myeupe na askari wa safu ya h. Taimanov alikuwa na farasi. Unaiona kona ile ile? Taimanov angeweza kumtoa farasi wake bure, Fischer ale, halafu mfalme mweusi akimbilie h8 apumzike. Badala yake alimpeleka mfalme upande usiofaa, akapoteza mchezo. Mechi yote iliisha 6 kwa 0. Mtu wa kiwango kile, mwanamuziki wa piano aliyezoea kukaa na jambo kwa saa nyingi, hakuliona wazo la kutoa kete ili apate sare. Kila nikiupanga mchezo ule ubaoni moyo unaniuma kwa ajili yake.

*Mwalimu, mimi ni msichana wa miaka kumi na mitano. Nimefundishwa kwamba ukiwa mbele, badilishana kete kubwa. Nilikuwa mbele kwa askari mmoja: mfalme e3, askari e4, ngome a7. Yeye alikuwa na mfalme g8 na ngome tu. Akaleta ngome yake f7. Nikaila, mfalme wake akala ngome yangu, halafu ikawa sare. Je, nilichofundishwa si kweli?*

Mwanangu, ulichofundishwa ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine ni kuitazama picha itakayobaki baada ya kula, kabla hujanyoosha mkono.

Picha yako ni hii: mfalme wako e3, askari e4, mfalme wake f7, zamu yako. Ukienda d4, yeye anakuja e6. Ukienda f4, yeye anakuja f6. Kila mlango unaoukaribia, yeye ameshafika. Ukimsukuma askari mbele ya mfalme wako, mfalme wake anarudi nyuma taratibu mbele ya askari mpaka mchezo unafia kwenye mstari wa nane. Ni sare, na hukukosea chochote baada ya ile hatua ya kula.

Sasa msogeze mfalme wako mraba mmoja tu. Weka d4 badala ya e3, kila kitu kingine kiwe vilevile. Mkishakula ngome kwa ngome na mfalme wake akasimama f7, wewe unacheza d5. Akija e7, unakwenda e5. Wafalme wanatazamana, mraba mmoja katikati, na zamu ni yake. Katika kutazamana huko, anayelazimika kucheza ndiye anayepisha. Anakwenda d7, wewe unaingia f6, na askari wako njia yake imefunguka. Mraba mmoja umegeuza sare kuwa ushindi.

Lakini angalia mtego uliomo humo humo. Kutoka d4, kama ungekwenda moja kwa moja e5 kwa sababu panaonekana ni mbele zaidi, yeye angekuja e7, wafalme wangetazamana, na zamu ingekuwa yako. Sare tena. Kwa hiyo hata kumfikisha mfalme mbele hakutoshi, lazima ujue zamu itakuwa ya nani.

Ungefanya nini, basi, ngome yake ilipokuja f7? Ungeirudisha ngome yako, tuseme a5, na ukaendelea kucheza. Siwezi kukuahidi ushindi. Ngome na askari mmoja dhidi ya ngome mara nyingi huishia sare kama mlinzi anajua kazi yake. Ila angelazimika kuijua. Ungempa hatua 30 au 40 za kufikiri, na katika hizo ungepata nafasi ya kumpandisha mfalme wako kwanza. Wewe ulimwondolea kazi yote kwa hatua moja.

Nyongeza ndogo: askari wako aliyebaki akiwa wa safu ya a au ya h, kuwa mwangalifu mara mbili. Hapo mfalme wa mpinzani akishafika kwenye kona iliyo mbele ya askari, huna cha kufanya, hata mfalme wako awe mbele kiasi gani.

*Ndugu mwandishi, wewe huandika kila mara kana kwamba sisi wasomaji tuko mbele. Mimi kila nikifika mwisho niko nyuma kwa askari mmoja. Nibadilishane nini?*

Lawama yako nimeipokea, ni ya haki.

Geuza kila kitu. Aliye nyuma anakula askari kwa askari kila anapopata nafasi, na anashikilia ngome yake kwa mikono miwili. Ukiwa na ngome na askari watatu dhidi ya ngome na askari wanne, wote wakiwa upande mmoja wa ubao, kwa ulinzi sahihi kwa kawaida unapata sare. Mkibadilishana jozi moja ikabaki watatu kwa wawili, kazi yako inazidi kuwa rahisi. Lakini mkila ngome kwa ngome, picha inabadilika kabisa: wafalme na askari peke yao, watatu kwa wawili, mara nyingi aliye mbele anashinda. Kwa hiyo mpinzani akikuletea ngome yake ubadilishane naye, ujue anajua anachokitaka. Kimbia na ngome yako, nenda nyuma ya askari wake, umsumbue mfalme wake kwa cheki, yaani kumshambulia moja kwa moja.

Na ukibaki na farasi au askofu mmoja, naye ana kete moja kama hiyo na askari mmoja wa mwisho, mtazame yule askari kuliko unavyomtazama mfalme wake. Ukipata nafasi ya kumtoa farasi wako kwa ajili ya askari huyo, mtoe mara moja. Atabaki na kete isiyoweza kukufunga.

Kuna ngwe nyingine ambayo watu huiogopa bure: una ngome peke yake, yeye ana ngome na askofu, askari wameisha. Kwa kawaida hiyo ni sare, japo inatesa. Niliwahi kukaa upande unaoteswa. Nilichora vijistari pembeni mwa karatasi ya kuandikia hatua, kimoja kwa kila hatua, kwa sababu hatua 50 zikipita bila kete kuliwa wala askari kusogezwa, una haki ya kudai sare. Kwenye kijistari cha 31 nilikuwa nimebanwa ukingoni mwa ubao na mkono ulikuwa unatetemeka. Niliendelea kuiweka ngome mbali na mfalme wangu, ipate nafasi ya kutoa cheki. Kijistari cha 50 kilipofika nilimwita mwamuzi.

*Mimi nina askari wawili zaidi, yeye ana askofu wa miraba myeusi, mimi wa miraba myeupe, na kila mmoja ana ngome moja. Anataka tubadilishane ngome. Nikubali?*

Usikubali, isipokuwa umeona kwa macho jinsi utakavyoshinda baada ya hapo. Maaskofu wa rangi tofauti wakibaki wenyewe na askari, ni sare nyingi mno, hata kwa aliye mbele kwa askari wawili. Mlinzi anawazuia askari wako kwenye miraba ya rangi yake, na askofu wako hawezi kuigusa miraba hiyo. Ngome zikiwepo, wewe una kete ya kupiga pale ambapo askofu wako hafiki. Hapa ile kanuni ya kupunguza kete kubwa ukiwa mbele inakusaliti.

*Mwalimu, mimi huhesabu thamani: malkia tisa, ngome tano, askofu na farasi tatu, askari moja. Nikiona ninayokula na ninayotoa ni sawa, na mimi niko mbele, nakula. Mbona inanifelisha?*

Ilinifelisha mimi kabla yako, nami sijasahau.

Nilikuwa nacheza nyeupe, mbele kwa askari mmoja, malkia kwa malkia. Askari wake mmoja alikuwa peke yake upande wa kushoto, a5, hakuna askari wangu wa kumzuia. Malkia wangu ndiye aliyekuwa akimlinda asishuke. Mfalme wangu alikuwa g2, salama kabisa, nami nikaufurahia usalama huo. Nikaona nafasi ya kubadilishana malkia. Tisa kwa tisa, nami ninabaki na askari wa ziada. Nikala. Akala. Zamu ikawa yangu.

Ndipo nikahesabu kile nilichopaswa kuhesabu kabla. Askari wa a5, kwa nyeusi, ana hatua nne kufika a1. Ukitaka kujua kama mfalme wako atamwahi, chora mraba mkubwa kwa macho: kutoka a5 hadi e5, ushuke e1, urudi a1. Kama zamu ni yako na unaweza kuingia ndani ya mraba huo kwa hatua moja, utamwahi. Mimi nilikuwa g2. Hatua moja inanifikisha safu ya f, na mraba unaishia safu ya e. Nilikimbia hata hivyo: f2, e2, d2, c2. Nilipogusa c2, yeye alikuwa anaomba malkia wa pili kwa mwamuzi.

Tangu siku hiyo nina daftari. Kila mchezo ninaopoteza au kutoa sare baada ya kubadilishana kete, ninachora hali ya ubao ilivyokuwa kabla ya kula, na pembeni yake hali ilivyokuwa baada ya kula. Picha mbili, basi. Nimejaza kurasa nyingi, na katika kurasa hizo hesabu ya thamani karibu kila mara ilikuwa sawasawa. Nilichokosea ni mahali mfalme aliposimama, au rangi ya askofu, au zamu.

Kwa hiyo ukiwa mchezoni, kabla hujala, fanya hivi: kaa juu ya mikono yako kama inakubidi, zifute kichwani kete mbili zitakazotoka, na uutazame ubao kama umeukuta hivyo ulivyobaki. Nani anacheza? Mfalme wako yuko mraba gani? Askari wako waliobaki ni wa safu zipi? Ukilijibu swali la zamu vibaya, hayo mengine mawili hayakusaidii.

Na usiogope kubadilishana malkia kwa jambo jingine kabisa ukiona askari wako watabaki hai. Desemba 2021, mjini Dubai, katika mchezo wa sita wa mechi ya ubingwa wa dunia, Magnus Carlsen alimshinda Ian Nepomniachtchi kwa hatua 136, mchezo mrefu kuliko wote katika historia ya mechi hizo. Alimaliza akiwa na ngome, farasi na askari wawili dhidi ya malkia peke yake. Kwa hesabu yako ya thamani, ngome na farasi ni nane, malkia ni tisa. Ondoa wale askari wawili na hakuna ushindi. Wao ndio waliotembea pamoja kuelekea mstari wa nane huku malkia mweusi akizunguka bila kuwapata.

Zoezi la safari hii ni kwa wote, ila zaidi kwa yule binti wa miaka kumi na mitano. Panga ubao: mfalme mweupe f4, askari mweupe e4, mfalme mweusi f7. Ngome zimeshaliwa, nyeupe ndiye anayecheza. Ipo hatua moja tu inayoshinda. Nyingine zote ni sare. Niandikieni hatua hiyo, na mniambie pia mfalme mweusi anafanya nini ukikosea ukaenda e5.